Je, mtu asiyewahi kucheza ngoma anaweza kuanza akiwa na miaka 46?

Mwanagenzi aliuliza:

Ndugu zangu, nimekaribishwa katika darasa la ngoma za asili linalokutana jioni moja kila wiki, ambalo humpokea yeyote bila kumuuliza kama amewahi kucheza. Nina miaka 46, na maisha yangu yote nimezitazama ngoma nikiwa nimesimama pembeni. Nilikwenda mara moja kutazama tu, nikaona wachezaji wakigeuka wote kwa pamoja ilhali hakuna aliyesema neno, na sikuelewa walijuaje. Naomba waliopitia darasa la namna hii wanieleze mtu aanzie wapi, na kama ni haki kwangu kucheza ngoma ya kabila lisilo langu.

Mchezaji wa Muda Mrefu alijibu:

Walijua kwa sababu ngoma iliwaambia. Katika Kiswahili neno hilo moja ni ala inayopigwa, ni uchezaji wenyewe, na ni shughuli nzima inayowakusanya watu, na nadhani wazee hawakuona sababu ya kuvitenganisha. Mpigaji kiongozi huingiza mlio mfupi unaokatiza mfululizo wa mapigo, na huo ndio ishara ya kugeuka, kubadili hatua au kusimama. Majuma yangu matatu ya mwanzo nilikodolea macho miguu ya mwalimu huku nikihesabu kimoyomoyo, nikawa nachelewa kila mara, kwa maana jicho humwona mwenzako akiwa ameshageuka. Mwalimu alinisimamisha karibu na ngoma kubwa, akanitaka nipige makofi tu, nisicheze. Nilipiga makofi kwa karibu nusu saa, na niliporudi mstarini miguu ilijua pa kutua.

Kuhusu mwili, legeza magoti, inamisha kiwiliwili mbele kidogo, uache uzito ushuke. Bugobogobo ya Wasukuma, inayochezwa kwa majembe mikononi, haichezeki ukiwa wima kama mlingoti, kwa kuwa imetokana na kilimo. Sindimba ya Wamakonde huanzia kiunoni, na kiuno hakizunguki magoti yakikakamaa. Si zote zilivyo hivyo, kwani vijana wa Kimaasai huruka juu mwili ukiwa umenyooka kabisa. Kwa hiyo kila ngoma uisome upya.

Mpiga Ngoma aliongeza:

Nakubaliana na ndugu aliyetangulia, ila mchezaji naye humwongoza mpigaji. Ninapopiga huwa natazama miguu, na nikiona mgeni anapotea hupunguza kasi au huirudia ishara mpaka aikamate. Msewe, ngoma ya Pemba, imepata jina lake kutokana na kitu ambacho wachezaji hujifunga miguuni ili kilie wanapokanyaga. Maana yake ni kwamba mchezaji anapiga ala kwa miguu yake, na mimi lazima nimsikilize. Jifunze pia kuitikia nyimbo tangu siku ya kwanza, hata kama maneno huyajui vizuri, kwa sababu anayeitikia hupumua pamoja na mdundo na hachoki upesi.

Mwalimu Mstaafu aliandika:

Mwanagenzi, swali lako la pili ni zito kuliko la kwanza, na nimefurahi kwamba umeliuliza kabla ya kuanza. Zipo ngoma za mavuno, za harusi na za burudani, ambazo wenyewe hupenda kumwona mgeni akiingia uwanjani. Zipo nyingine zenye mipaka: za unyago na jando zina mafunzo yake, na Gule Wamkulu ya Wachewa huchezwa na wanaume walioingizwa katika chama cha Nyau. Muulize mwalimu wako jina la kila ngoma, watu wake, na wakati inapochezwa, kisha useme hivyo hivyo popote utakapoicheza. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, yenye ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kwa ngoma iliyo katika hali hiyo, mwanafunzi anayejifunza kwa heshima ni msaada, hata akiwa ametoka mbali.

Mwanagenzi alirudi:

Nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Nitaomba kuanza kwa kupiga makofi. Limebaki jambo moja: ukumbi una sakafu ya saruji, na magoti yangu huuma. Je, nicheze pekupeku kama wengine?

Mchezaji wa Muda Mrefu alijibu:

Kwenye saruji vaa raba nyepesi, na usione haya kwa hilo. Mweleze mwalimu habari ya magoti kabla ngoma haijaanza, ili akupe kwanza hatua za kuburuta mguu na kuziacha zile za kuruka mpaka miguu yako ipate nguvu.