Boma la Kale na mwaka 1863: sheria iliyoliacha nje jiji zima

Ndugu aliyenitangulia katika mjadala huu amedai kwamba jengo lisilotambuliwa na sheria si urithi bali ni gofu, na kwamba mwenye kiwanja katikati ya Dar es Salaam aachwe abomoe na kupandisha ghorofa. Hoja yake ya kiwanja ina uzito. Ile ya sheria siikubali hata kidogo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulilinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa tuitazame historia ya jiji lenyewe. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga mji wake jirani na kijiji cha Mzizima katika miaka hiyohiyo ya 1860, na Boma la Kale, linalotazama bandari na kutajwa kuwa jengo kongwe kuliko yote yaliyosalia hapa, lilijengwa kati ya 1866 na 1867. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa zimeukosa mstari huo kwa miaka mitatu tu, na yote yaliyojengwa baada ya Wajerumani kuhamishia hapa makao yao makuu mwaka 1891 yako mbali nao zaidi. Kioja ni kwamba sheria hiyohiyo hulinda mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940, kwa hiyo mlango unaweza kuwa na ulinzi ambao ukuta unaoushikilia hauna.

Nitaambiwa kuwa Waziri ana mamlaka ya kulitangaza jengo lolote kuwa la kuhifadhiwa. Ni kweli, lakini tangazo huhitaji mtu wa kuliomba na afisa wa kulifuatilia, ilhali kubomoa ni kazi ya usiku mmoja. Jengo la Salamander la Mtaa wa Samora leo tunalitazama katika picha. (Kanisa la Azania Front limesimama, nadhani, kwa sababu lina waumini wanaolitumia kila Jumapili.)

Kuhusu mwenye kiwanja, nakubali kwamba si haki kumtwisha peke yake gharama ya chokaa na boriti, hasa kwa kuwa saruji, iliyo rahisi kupatikana, hufungia unyevu ndani ya kuta za matumbawe na kuziozesha. Apunguziwe kodi ya majengo, na aruhusiwe kuhamishia kwenye kiwanja kingine zile ghorofa alizozuiwa kuzijenga.

Pendekezo langu ni kwamba mwaka 1863 ufutwe, na badala yake kila jengo la mjini lililotimiza miaka 100 lisibomolewe kabla ya kukaguliwa. Kama miaka hiyo ni michache mno machoni pa ndugu yangu, basi atutajie yake, na atuonyeshe ni majengo gani ya Dar es Salaam yatakayosalia chini ya hesabu hiyo.