Nimenunua kipima mwanga, nyota zote zinasoma sifuri. Naombeni ushauri

Mwalimu_Uyole
Wakuu habari za jioni. Msinicheke, wanafunzi wangu wameshanicheka vya kutosha. Nafundisha fizikia huku Uyole, Mbeya. Tulipomaliza mada ya mwanga niliwaahidi kidato cha tatu kwamba tutapima mwanga wa nyota kwa namba kabisa. Nikaagiza kipima mwanga kutoka Dar, 85,000 pamoja na nauli ya basi. Muuzaji akanihakikishia "hicho kinapima mwanga wowote ule".

Ijumaa tukatoka uwanjani, watoto wamejifunga mashuka hadi masikioni. Nikakielekeza kwenye Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku. 0.0. Nikafuta kioo, nikajaribu tena. 0.0. Taa ya bweni inasoma vizuri tu. Kibovu ni kifaa au ni mimi?

Kipunji_wa_Rungwe
Kinapima mwanga wowote, mradi uwe umelipiwa luku 😂 Pole mwalimu.

Mnyalu_Mafinga
Mwalimu, kifaa ni kizima. Hivyo vya kawaida vinaanzia luksi 0.1 (luksi ni kizio cha mwanga unaoangukia mahali). Mwezi mpevu wenyewe unatupa kama luksi 0.25 tu, na Sirius ni kama 0.00001. Yaani ingetakiwa iwe na nguvu mara elfu kumi ndipo hicho kidude kistuke. Halafu kinakusanya mwanga wa anga zima, hakichagui nyota moja.

Wanaopima nyota hawahangaiki na luksi. Wanalinganisha nyota na jirani yake ambaye ukali wake unajulikana, kwa kipimo cha magnitudi. Tofauti ya magnitudi 5 ni mara 100 kamili, na namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu. (Hapo watoto watakubishia, wavumilie.)

Tafuta kamera ya mpiga picha wa harusi, ile ya kubadilisha lenzi. Sensa yake, kile kipande kinachonasa mwanga, ni fotomita (kipimo cha mwanga wa nyota) tosha.

FundiRedio_Mwanjelwa
Kamera ya nini mkuu? Aje hapa Mwanjelwa nimfungie fotodaiodi (kipande kinachogeuza mwanga kuwa umeme) na opampu ya kuukuza, elfu 20 haifiki.

Mnyalu_Mafinga
Fundi, bila darubini hiyo fotodaiodi utapima kelele za saketi yako. Mmarekani Joel Stebbins alianza hivyo 1907 na kipande cha seleni, elementi inayopitisha umeme zaidi ikimulikwa. Alianza na mwezi, nyota zikamsumbua hadi akakiweka kifaa kwenye barafu ili kitulie, na alikuwa na darubini ya inchi 12. Ila alifika: 1910 alionyesha kwamba Algol, nyota inayofifia na kurudi, katika kila mzunguko inafifia mara ya pili kidogo sana, kitu ambacho macho hayakuwahi kukiona.

FundiRedio_Mwanjelwa
Barafu si tatizo, aiache nje Uyole mwezi wa saba. Ila nimekuelewa.

Dada_wa_Makambako
Mwalimu, mimi nimefanya hivyo kwa kamera. Weka kwenye stendi, lenzi ya milimita 50, piga RAW (faili ghafi ya sensa), kamwe si JPG. JPG kamera inapindisha mwanga ili picha ipendeze, hesabu inaharibika. Fifisha fokasi kidogo, nyota iwe kama punje ya ulezi na si ncha ya sindano, mwanga usambae kwenye pikseli nyingi bila kujaza hata moja. Sekunde 5 hadi 10, picha 15 hivi, kisha wastani. Tumia pikseli za kijani tu, toa mwanga wa anga pembeni ya nyota. Programu ya kuhesabu, AstroImageJ, ni ya bure.

Chagua nyota inayobadilika: l Carinae (l ndogo), upande wa kusini, si mbali na Msalaba wa Uongo, zile nyota nne zinazofanana na Msalaba wa Kusini. Inatoka magnitudi 3.3 hivi hadi 4.2 na kurudi kwa siku kama 35 na nusu. Ramani zenye magnitudi za nyota jirani zipo bure AAVSO, jumuiya ya Marekani ya watazamaji wa nyota zinazobadilika, iliyoanza 1911. Pima ikiwa juu, ikikaribia milima hewa inaimeza. Na umande! Mimi navalisha lenzi soksi.

Mwalimu_Uyole
Mrejesho wakuu. Kijana wa studio kanikopesha kamera, masharti yake nisilale nayo nje. Kundi la kwanza: nyota jirani ya magnitudi 3.0 imetoa jumla ya pikseli 81,000, l Carinae 44,000. Nikawarudisha kwenye logi:

3.0 − 2.5 × log(44,000 ÷ 81,000) = 3.66

Waliokuwa wanachukia logi ndio walioshika kikokotoo. Kundi la pili wamepata 3.3. Nimekagua, walipiga JPG. Dada, nimekukumbuka.

Jumatatu na Jumanne wingu. Nina nukta moja tu kwenye grafu.

Dada_wa_Makambako
Safi mwalimu. Usipime kila usiku, kila baada ya siku tatu inatosha. Ila usivuke mwezi wa sita. Wakianza kuchoma mashamba moshi utakusumbua.

Kipunji_wa_Rungwe
Hicho kipima mwanga unauza bei gani? Nina kitalu cha miche ya parachichi, nataka kujua neti yangu inakata jua kiasi gani.

Mwalimu_Uyole
Njoo na 60,000.

Kipunji_wa_Rungwe
Kinachosoma sifuri? 40.