Maduara ya mwanga kuzunguka taa usiku: je, kijana wa miaka 23 anaweza kuwa na glakoma?

MwanaNdosho (Goma)

Ndugu na dada, nawasalimu. Nina umri wa miaka 23, ninasoma chuo mchana na jioni ninauza katika duka la simu huko Birere. Tangu kiangazi kilichopita, giza linapoingia, taa za pikipiki na zile za barabarani karibu na mzunguko wa Chukudu huonekana zimezungukwa na duara jeupe lenye ukungu, na taa za mbali, kama zile za Gisenyi ng'ambo ya mpaka, huvuta mkia wa mwanga kuelekea chini. Jicho la kulia ndilo linalosumbua zaidi. Nikilifumba, taa hutulia. Mchana ninaona vizuri, isipokuwa nikikaa nyuma darasani maandishi ya ubaoni hunichosha. Macho hayaumi, lakini yamekuwa yakiniwasha tangu utotoni, hasa vumbi la lava linapopeperuka, nami huyasugua sana. Mama anasema ni uchovu tu. Rafiki yangu anasema ni glakoma, ule ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, na neno hilo limeninyima usingizi. Je, nimwone nani kwanza, fundi wa miwani au daktari?

Muuguzi_wa_Macho (Bukavu)

Mdogo wangu, pole kwa wasiwasi huo. Duara la mwanga si ugonjwa bali ni dalili kwamba mwanga unatawanyika au unapinda vibaya kabla ya kufika kwenye retina nyuma ya jicho. Katika ujana huonekana zaidi usiku kwa sababu mboni, yaani tundu jeusi katikati ya jicho, ambayo juani hubana hadi milimita 2 au 3, gizani hufunguka hadi 7 au hata 8, na hapo mwanga hupita hata kwenye kingo za konea (ngozi angavu ya mbele ya jicho) na lenzi iliyo ndani yake, mahali ambapo kasoro ndogo za umbo hujificha mchana kutwa.

Kuhusu glakoma, tutenganishe mambo mawili. Ile iliyo ya kawaida kwa watu wetu hula uwezo wa kuona polepole, kuanzia pembeni, bila maumivu na mara nyingi bila maduara yoyote. Ile inayoleta maduara huja kwa kishindo: presha ya jicho hupanda ghafla, konea huvimba kwa maji, na taa huzungukwa na pete za rangi, buluu ndani na nyekundu nje, pamoja na maumivu makali, jicho jekundu, kichwa kuuma na kichefuchefu. Mtu akipatwa na hayo asisubiri kupambazuke. Aende hospitali usiku huohuo. Nadra zaidi, vijana wasioona mbali, hasa wanaume, huona maduara baada ya kukimbia au kucheza mpira, kwa sababu chembe za rangi kutoka nyuma ya irisi (sehemu ya jicho yenye rangi) zimeziba njia ya maji ya jicho. Maelezo yako hayafanani na lolote kati ya hayo.

Ninachokishuku kwanza ni kutoona mbali, au konea isiyo na mviringo sawa. Toboa karatasi ngumu kwa sindano, tundu la milimita 1 hivi, kisha utazame taa ya mbali kupitia tundu hilo, jicho moja baada ya jingine. Taa ikitulia, tatizo liko zaidi katika namna jicho linavyokunja mwanga. Ikibaki na ukungu uleule, kuna kitu kinachotawanya mwanga, kama vile ukavu wa macho au mtoto wa jicho (ukungu ndani ya lenzi). Jaribio hili halichukui nafasi ya vipimo, ila litakusaidia kumweleza daktari.

YayaFuraha (Lubumbashi)

Mdogo wangu, mimi limenishtua hilo la kusugua macho, pamoja na jicho moja kuzidi jingine. Kaka yangu mdogo alianza vivyo hivyo akiwa katika sekondari: muwasho wa miaka mingi, kisha mikia kwenye taa, kisha miwani iliyobadilishwa kila mara bila kumtosheleza. Fundi alikuwa akiongeza nguvu ya vioo tu. Hatimaye daktari wa macho alimpima kwa mashine inayochora ramani ya konea, ikaonekana kwamba konea inakonda na kuchongoka mbele kama koni. Ugonjwa huo huitwa keratokonasi, nao huanza zaidi kati ya balehe na miaka ya ishirini. Sasa anavaa lenzi ngumu na anaona vizuri. Ukigunduliwa mapema kuna tiba ya kukaza konea kwa matone ya vitamini B2 na miale ya urujuanimno, ambayo huzuia hali kuendelea kuharibika, ingawa hairudishi umbo lililokwisha kupotea. Nakuomba, kuanzia leo usisugue tena macho yako.

Motari_Majengo (Goma)

Naongeza jambo moja la barabarani. Vumbi letu la lava hukwaruza kioo cha kofia na hata miwani, hasa ukikifuta kikavu, na kila mkwaruzo huchora mwanga gizani. Kimwagie maji kwanza. Ikiwa unaendesha pikipiki, tafadhali uiache usiku mpaka upimwe, kwa sababu taa ya gari linalokuja ikikuchanulia hivyo humwoni mtu anayevuka.

MwanaNdosho (Goma)

Asanteni sana. Nimejaribu tundu la sindano: jicho la kushoto taa imekuwa nukta safi, la kulia imepungua mkia lakini ukungu umebaki. Sikutaja kwamba kwa muwasho hutumia matone ya farmasi. Kwenye chupa pameandikwa deksametazoni.

Muuguzi_wa_Macho (Bukavu)

Hilo linabadilisha haraka ya jambo. Deksametazoni ni kortikoidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe na aleji. Hutuliza muwasho upesi, na ndiyo maana watu huipenda, lakini kwa takriban mtu mmoja kati ya watatu ikitumiwa kwa wiki kadhaa hupandisha presha ya jicho bila maumivu yoyote, na ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta mtoto wa jicho katika sehemu ya nyuma ya lenzi hata kwa kijana, ambao husumbua hasa mbele ya taa kali. Mwone daktari wa macho wiki hii, si fundi wa miwani, na uende na chupa yenyewe. Apime presha ya kila jicho, ambayo kwa kawaida huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, atazame lenzi mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa, na umweleze habari ya kusugua ili achunguze konea. Yeye ndiye atakayeamua namna ya kuacha matone hayo na kukupa ya aleji yasiyo na kortikoidi. Kwa sasa, ukiwashwa, weka kitambaa safi kilicholowa maji baridi juu ya kope zilizofumbwa.