Tupeane uzoefu: kongamano la kusaka koneksheni unalimaliza vipi bila kichwa kupasuka?

Kiti cha Ukutani: Wakuu, jana nimerudi kutoka kwenye kongamano la watu wa fani yangu nikiwa hoi kama niliyeshinda kubeba zege. Na kazi yenyewe ilikuwa kusimama na kuongea tu! Mada sina shida nazo, nakaa naandika. Shida inaanza pale mshereheshaji anapotangaza "tunawapa nusu saa mfahamiane". Hapo ndipo naikumbuka simu. Nafungua ujumbe niliousoma tangu asubuhi, kisha naelekea msalani wala sina haja. Nyie mnafanyaje? Wa "jiamini tu" mpite pembeni, hilo nimeshaambiwa sana.

Bi Kimya: Msalani! Kumbe tuko wengi.

Beji Si Yangu: Mkuu umenikumbusha mbali. Nilifika foleni ya mapokezi ni ndefu, binti wa mezani anaongea na simu huku ananiuliza jina. Akanivalisha beji, nikaingia. Sijapata hata ukuta wa kuegemea, mzee mmoja wa suti akanidaka mkono kwa mikono miwili: "Mkurugenzi, nimekutafuta sana!" Nikajua utani. Akaja wa pili. Akaja mama mmoja na mradi wake kwenye bahasha ya kaki. Nikaangalia kifuani: jina si langu, na chini yake "Mkurugenzi wa Ufadhili". Najaribu kueleza, spika inanguruma juu ya kichwa changu, mama anaitikia "ndiyo, ndiyo" na kuendelea na bajeti yake. Nikaigeuza beji, kamba ikajipinda, jina likarudi mbele. Nageuza tena, linarudi. Kutupa macho mlangoni, naona mtu anabishana na yule binti, kidole kimenyooka kwangu. Ngoja nipokee simu, narudi.

Mtu wa Data: Usituache hewani mkuu!!

Mpenda Ukweli: Sasa huo si ulaghai? Ungeivua.

Bi Kimya: Kaka, avue akiwa ameshikwa mikono miwili? Vaa wewe kwanza tuone.

Mwalimu Mstaafu: Wakati tunamsubiri, niseme jambo. Mnajichosha kwa kudhani lazima utoke na marafiki. Mark Granovetter, mwanasosholojia, aliwahoji watu waliobadili kazi katika kitongoji kimoja cha Boston, akachapisha matokeo mwaka 1973. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, asilimia 17 hivi tu walikuwa wakionana naye mara kwa mara. Asilimia 56 hivi walionana naye mojamoja, na 28 kwa nadra mno. Rafiki wa karibu anajua yaleyale unayoyajua wewe, wa mbali ndiye mwenye habari za kwingine. Basi salimianeni, mjue kila mmoja anafanya nini, muachane. Imetosha.

Mpenda Ukweli: Mwalimu, hayo ya enzi za barua. Leo kuna intaneti.

Mwalimu Mstaafu: Na wewe kazi ulipata kwa intaneti au kwa mjomba?

Mpenda Ukweli: Mjomba wangu muache kabisa.

Sikio Moja: Mimi sina aibu, tatizo langu kelele. Daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alionyesha tangu 1911 kwamba mtu akizungukwa na kelele anapandisha sauti bila kujijua. Sasa ukumbi mzima ukipandisha kwa pamoja? Kila mmoja anamzidi jirani yake mpaka wote mnapiga mayowe mkiulizana "unafanya kazi gani?" Dawa yangu ni kufika mapema. Watu wakiwa wachache hata wageni rasmi hawana pa kujificha, unaongea nao kwa sauti ya kawaida. Ukumbi ukijaa mimi naaga.

Mtu wa Data: Mimi kinyume, nachelewa makusudi. Wenye mbwembwe wanakuwa wameshachoka.

Bi Kimya: Ukichelewa ndiyo unapewa ukurugenzi.

Mtu wa Data: 😂😂

Dada wa Itifaki: Nimefanya kazi kwenye hizi shughuli, niwape siri. Angalieni miguu. Watu wawili wakiwa wametazamana na vidole vya viatu vimeelekeana, wapite, wana lao. Wakisimama mshazari, kama wameacha pengo la mtu wa tatu, ingia, salimia, sikiliza kwanza. Kutoka nako si vita: "nimefurahi kukufahamu, ngoja niwaachie wengine nafasi." Usiage kwa kusingizia simu, mtakutana tena dakika mbili baadaye huna simu. Au jitolee mapokezi: kila anayeingia anakuja kwako mwenyewe na jina lake mdomoni.

Sikio Moja: Na jioni unabebeshwa viti.

Dada wa Itifaki: Viti utabeba, lakini umejuana na ukumbi mzima.

Beji Si Yangu: Nimerudi. Yule bwana wa mlangoni, mwenye beji, akaja mpaka niliposimama. Nikaanza kuomba radhi, akaniinamia sikioni: "Nani kakuambia naitaka? Kaa nayo mpaka saa kumi." Akachukua beji yenye jina langu, akaivaa, akaenda kukaa siti ya nyuma na kikombe chake. Hakuna aliyemsogelea. Mtu mwenye pesa za ufadhili, amekaa peke yake anatabasamu!

Mpenda Ukweli: Chai hiyo.

Mwalimu Mstaafu: Chai au si chai, ukumbi ulikuwa unasalimia beji.

Kiti cha Ukutani: Na bahasha ya yule mama?

Beji Si Yangu: Nilimkabidhi mwenyewe saa kumi, na kadi zote. Nilimwambia aanze na ya mama. Akachukua namba yangu, kimya mpaka leo.

Dada wa Itifaki: Si umwandikie wewe? Mistari miwili tu, umkumbushe mlipokutana.

Beji Si Yangu: Nijitambulishe kuwa nani sasa?

Bi Kimya: Wakuu, hivi beji huwa zinarudishwa? Mimi ninazo droo nzima.