Naomba ushauri: picha za mwaka za kuweka kwenye kalenda

Habari zenu wakuu. Ni mpiga picha hapa Mwanza, nachagua picha 12 nilizozipenda mwaka huu nitoe kalenda ya ukutani. Daraja la Kigongo–Busisi lililozinduliwa Juni 2025 lazima liwemo. Jiwe la Bismarck, lile mwamba maarufu lililo Ziwa Victoria hapa mjini, pia, ingawa kila mtu ana picha yake.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya mama anayechambua dagaa kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba: magamba yamemng'ang'ania vidoleni, jua la asubuhi limepenya kwenye upindo wa kanga yake. Aliniruhusu nimpige, lakini sasa picha inaenda kuuzwa. Nikaandikishane naye? Malipo yawe ya mara moja au asilimia ya mauzo? Sitaki adhulumike. Waliowahi kufanya hivi, nisaidieni.