Daftari la kikoba limekuwa matatu, nisaidieni

Mweka hazina:
Habari zenu jamani. Natunza hesabu za kikoba cha akina mama 24, tunakutana kila Alhamisi jioni. Hisa na marejesho naandika kwenye Excel, halafu namrushia katibu na mwenyekiti WhatsApp. Kila mmoja anasahihisha kwake, ananirudishia. Sasa simu yangu ina "Hisa mpya", "Hisa mpya kabisa" na "Hisa HII NDIYO". Juzi mama mmoja deni lake kwangu ni 40,000, kwa katibu 60,000. Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Hakuna namna ya kuwa na daftari moja?

Fundi wa mtaani:
Pole dada. Hapo kinachokuumiza ni nakala. Kila ukituma faili unazaa jingine. Ukiwa na Gmail, lipandishe Google Sheets (kama Excel, ila inakaa mtandaoni; bure), kisha tuma linki badala ya faili. Wote mnaingia humo humo; katibu akiandika kwake, wewe unaiona namba ikibadilika ukiwa sokoni. Ila kwanza panga nani wa kutazama tu, nani wa kutoa maoni, nani wa kuhariri. Ukimruhusu kuhariri kila mwenye linki, siku ikivuja kwenye grupu la ukoo umekwisha.

Mweka hazina:
Na mtu akifuta kwa bahati mbaya? Na bando likiisha?

Mwalimu mstaafu:
Bando: weka programu yenyewe kwenye simu, uchague faili lipatikane bila intaneti. Utaandika, ukiwasha data linapanda lenyewe.
Kufuta: fungua historia ya matoleo (hali za nyuma za faili, zinajihifadhi zenyewe), urudishe la jana. Wazo la ukurasa ambao msomaji naye anauandika si geni. Ward Cunningham, mtunga programu wa Marekani, aliutengeneza 1995 akauita wiki, jina la basi la uwanja wa ndege wa Honolulu. Kwa Kihawaii ni "haraka" (si hii yetu ya siku saba). Wikipedia, iliyoanza 2001, inaendeshwa hivyo, na kila badiliko linabaki na saa yake na aliyelifanya. Lenu nalo litawaandika hivyo hivyo.

Mweka hazina:
Nimefungua, asanteni sana. Katibu kaniuliza kama kweli jina la aliyebadilisha linaonekana. Nikamwambia linaonekana, na saa. Akanyamaza kidogo, akasema ile 60,000 ngoja aiangalie tena.