Naomba ushauri: mashine gani ya kardio (mazoezi ya moyo na pumzi) inafaa nyumbani kwa mwenye goti bovu?

Mtembezi_Asubuhi:
Habari zenu wakuu. Nina miaka 43, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti kutwa nzima. Mwezi uliopita nilipimwa presha, ikaonekana imeanza kupanda. Daktari anataka nianze na mazoezi kabla hajagusa habari ya dawa: angalau dakika 150 kwa wiki. Natoka nyumbani kukiwa giza na narudi kukiwa giza, kwa hiyo kutembea nje kumenishinda. Nimeamua kununua mashine.

Naishi ghorofa ya pili, na chini yangu kuna mama mwenye mtoto mchanga. Nafasi niliyonayo ni kama mita mbili kwa mbili na nusu. Goti la kulia niliumia zamani kwenye netiboli, hadi leo nikishuka ngazi linauma. Moyoni natamani mashine ya kukimbilia, ila naogopa kutupa hela. Wenye uzoefu naombeni msaada.

Kasi77:
Nunua kamba ya kuruka dada. Haili nafasi, na dakika kumi tu utakuwa umelowa jasho.

Nesi_wa_Zamu:
Kamba hapana, Kasi. Goti linalouma kwenye ngazi halitapenda kurukishwa mara mia kwa dakika, na mtoto wa chini hatalala.

Dada, hizo dakika 150 zisikutishe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataja dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali. Zamani walitaka angalau dakika 10 mfululizo ndipo zihesabiwe, sharti hilo wameliondoa. Dakika nane asubuhi na kumi na mbili jioni zote ni zako.

Kujua kama unafanya kwa kiwango cha wastani ni rahisi: uweze kuongea lakini ushindwe kuimba. Ukipenda namba, toa umri wako kwenye 220, unabaki na 177, kisha lenga mapigo kama 113 hadi 135 kwa dakika. Ila siku ukianzishiwa dawa za presha muulize daktari kwanza, kwa sababu zipo zinazoshusha mapigo na hesabu hiyo haitakufaa tena. Na ukisikia kifua kinabana au kizunguzungu, acha hapo hapo ukaonwe.

Fundi_Mikanda:
Natengeneza mashine hizi, kwa hiyo nakueleza ninachokiona mezani kwangu.

Mashine za kukimbilia ndizo zinazoletwa kwa wingi. Kwanza, mkanda unaokanyaga ukikimbia unakauka kwa sababu mwenyewe hakuwahi kuambiwa kwamba chini yake hupakwa mafuta ya silikoni. Ukikauka unakwama, mota inavuta umeme mwingi, inaungua. Pili, watu wanadanganywa na nguvu ya mota. Kwenye boksi wameandika nguvu ya juu kabisa, ambayo mota inaifikia kwa muda mfupi tu. Wewe uliza nguvu ya kudumu. Tatu, wanaichomeka kwenye waya mrefu mwembamba wa kuongezea, soketi inayeyuka. Na kwenye ghorofa, kila hatua unayokimbia inapiga sakafu. Zulia la mpira linapunguza, haliondoi.

Kwa goti lako na jirani yako ningechukua baiskeli ya mazoezi ya sumaku, yaani ile ambayo uzito wa pedali unaletwa na sumaku. Sumaku haigusi gurudumu, kwa hiyo hakuna kelele ya kusugua wala kitambaa cha breki cha kubadilisha. Nyingi hazihitaji umeme wa ukutani, umeme ukikatika unaendelea kupiga pedali. Dukani, zungusha pedali kwa mkono polepole ukiwa umeinamisha sikio. Ukisikia "tak, tak" au pedali ikicheza kushoto na kulia, iache.

Kalori zinazoonyeshwa kwenye kioo usizitegemee sana. Ni makisio tu, na mara nyingi yanazidi.

Makasia:
Mimi natumia mashine ya kupiga makasia, naipenda kuliko zote maana miguu, mgongo na mikono vyote vinafanya kazi. Lakini kwako nasita. Ukiwa kazini nayo inakaribia mita mbili na nusu, na kila unapojivuta mbele goti linakunjwa sana. Mimi mwenyewe mwezi wa kwanza nilivuta kwa mgongo badala ya kusukuma kwa miguu, nikashindwa kuinama kufunga kamba za viatu siku nne.

Eliptiko, ile mashine unayosimama na kusukuma pedali kwa mzunguko bila kuinua nyayo, ni laini kwa goti, ila pima dari. Unaposimama juu yake kichwa kinapanda.

Mtembezi_Asubuhi:
Asanteni sana. Fundi, siti niiweke vipi? Niliwahi kupanda baiskeli moja ya hotelini, goti likauma siku mbili.

Fundi_Mikanda:
Bila shaka siti ilikuwa chini mno. Kaa, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Kisha sogeza mguu ukanyage kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo. Hapo ndipo. Uzito weka mdogo, zungusha upesi. Ukikanyaga pedali nzito polepole unalionea goti.

Mtembezi_Asubuhi:
MREJESHO, wiki ya tano. Nilichukua baiskeli ya sumaku iliyotumika, baada ya kuzikataa mbili kwa kusikia "tak, tak". Nilianza na dakika 8, sasa nafika 25, siku tano kwa wiki. Ngazi bado nazisikia gotini, ila baiskeli yenyewe hailiumizi. Jana nimemuuliza mama wa chini kama kelele zinamfikia, akaniuliza kelele za nini.

Shida iliyobaki ni makalio. Baada ya dakika 15 siti inauma sana. Ninunue mto?

Fundi_Mikanda:
Usikimbilie mto. Angalia kwanza siti imelala sawa, pua yake isipande juu wala kushuka. Kila dakika tano inuka kwenye pedali ukihesabu hadi kumi na tano, goti likikubali. Ikigoma, kaptula yenye sifongo ni bora kuliko mto, kwa sababu mto unateleza na utakuongezea urefu ambao tumeshaupima.

Mtembezi_Asubuhi:
Pua ilikuwa imepanda. Nimeishusha sasa hivi, napanda kujaribu.